Tundu la Upande wa Kulia

Nilipong'oa kapeti ilitoka kwa sauti
ya bandeji iliyokawia kwenye kidonda,
na chini yake, mahali pa gari,
nikaona nyasi za ua wangu, Buruburu,
na siafu wakipita na shughuli zao.

Datsun ya mwaka sabini na nne.
Logibuku inasema ni nyeupe.
Kutu imo humu tangu nisome darasa la kwanza,
inakula polepole, mgeni mwenye adabu,
hadi siku unapofunua sufuria.

Nikachukua patasi na nyundo.
Upande wa dereva: haupo.
Upande wa abiria: upo kwa hisani ya rangi.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakuwahi kulala chali chini ya gari
vumbi jekundu likiwaingia masikioni.

Nyuma, kulia, pale nilipokuwa nikikaa,
nikakuta kiraka cha baba:
debe la mafuta ya kupikia, limekatwa kwa mkasi wa bati,
limepigwa ribiti kumi na moja, nimezihesabu,
na upande wa chini, ulioitazama barabara miaka yote,
herufi zingali zinasomeka:
KILO NNE. HIFADHI MAHALI PAKAVU.

Nilicheka peke yangu hadi miwani ikaingia ukungu.

Kabla ya debe lilikuwapo tundu.
Nililijua mimi tu. Niliangusha humo maganda ya njugu
na kuitazama Barabara ya Mombasa ikirudi nyuma,
kijivu, kijivu, mstari mweupe, kijivu.
Wenzangu walikuwa na televisheni.
Kisha kiatu cha Mutisya kikatumbukia, kabla ya Lukenya.
Baba akaegesha. Akarudi kwa miguu, mbali,
akawa mdogo kama kiberiti, akawa mkubwa tena,
akamvalisha mtoto kiatu, akawasha gari.
Hakuuliza. Jumamosi, debe.

Sasa, kosa langu.
Shiundu wa Kariobangi, aliyenikatia bati la geji kumi na nane,
aliniambia: Dada, kabla hujakata, lifunge kwa vyuma,
mlango hadi mlango. Gari likikosa sakafu hulegea kiuno.
Nikaitikia ndiyo, ile ndiyo tunayompa daktari.
Nikakata Jumapili nzima.
Cheche ziliruka hadi kwenye shuka za Mama Achola,
akafungua dirisha, akaniita kwa majina yangu yote matatu.
Jioni nikausukuma mlango. Haukuingia.
Ulisimama kidole kizima nje ya fremu yake
kama mtu aliyesahau alichojia.

Wiki tatu. Jeki mbili na kipande cha mvule.
Nusu milimita, chai, nusu milimita.
Nalehemu nukta hapa, nukta kule, nisilikunje bati kwa moto,
na mara mbili tokeni za stima ziliisha katikati ya mshono:
giza la mtaa mzima wa nyumba yangu peke yake,
na mshono mwekundu, mwekundu kidogo,
basi.

Mlango ulipokubali ulisema: ta.
Zamani ulikuwa ukisema taap. Nimeridhika na ta.

Kijana wa vyuma chakavu alipita Alhamisi na mizani yake.
Nikampa gunia. Kilo kumi na tisa na nusu
za sakafu, kiraka kikiwa ndani.
Nikahesabu pesa, nikafunga geti, nikanawa mikono,
kisha nikamfuata na ndara za bafuni
hadi kona ya kanisa, nikitweta,
tukamwaga gunia lote barabarani.
Aliniuzia debe kwa shilingi hamsini.
Faida yake ni halali.

Sikulilehemu. Bati jembamba vile halivumilii moto.
Liko juu ya kabati, mahali pakavu.

Sakafu mpya nimeipaka praima, imelala sawasawa,
nikiigonga inajibu kama mlango wa benki.
Shiundu aliiachia tundu moja la kutolea maji,
nyuma, kulia, upana wa shilingi ishirini,
na kizibo chake cha mpira.

Kizibo kiko mfukoni.
Nitakiweka. Tukishapita Lukenya.